Paa Linalotoa Stima: Maswali ya Kumuuliza Muuzaji

Ikiwa unamjengea mzazi wako nyumba huko Meru au Embu, huenda umekutana na muuzaji aliyekwambia kwamba siku hizi hakuna haja ya kupandisha paneli ya sola juu ya mabati. Paa lenyewe, atakwambia, laweza kuwa sola. Atakuonyesha picha ya kigae kinachotoa stima, au utando mwembamba uliogandishwa juu ya bati, mwepesi, usiomtamanisha mwizi wala kuharibu sura ya nyumba.

Haongopi. Vitu hivyo vipo na vinafanya kazi. Lakini kabla hujampa hela za akiba, yafaa ujue yaliyowapata watu wa pande hizo za Mlima Kenya miaka thelathini hivi iliyopita, kwani utando huo mwembamba si mgeni kwao hata kidogo.

Twende nyuma hadi 1984. Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, katika wilaya ya Meru ya wakati huo, ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli ili wanafunzi wapate taa za kusomea usiku. Shuleni hapo palikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, aliyeletwa na Peace Corps. Hankins alifahamiana na Mmarekani mwenzake, mhandisi Harold Burris, aliyekuwa na biashara ndogo ya vifaa vya jua iliyoitwa Solar Shamba. Wawili hao wakaishawishi shule iache jenereta na kujaribu jua. Taa zikawaka. Baadaye shule nyingine za eneo hilo zikawekewa mitambo kama hiyo, na vijana wa huko wakafunzwa ufundi wa kuiweka.

Mafundi hao ndio walioeneza habari. Mwalimu aliyeona taa darasani alitaka moja nyumbani kwake, na jirani yake mkulima wa kahawa akataka mbili. Kahawa ilipopanda bei katikati ya miaka ya 1980 pesa zilikuwapo katika vijiji hivyo, ila stima haikuwapo. Na hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Katika Mto Tana, upande wa chini wa Embu, serikali ilikuwa imejenga mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, kisha Kiambere 1988. Nyaya nene zilipita juu ya mashamba ya watu zikielekea Nairobi, na chini yake mtu alisoma kwa taa ya mafuta.

Wenye televisheni ndogo zile za rangi nyeusi na nyeupe walizitia nguvu kwa betri ya gari. Betri ikiisha hubebwa hadi mjini kuchajiwa, kwa baiskeli au kwa matatu, na asidi ikimwagika suruali huharibika. Kwa mtu wa namna hiyo, kitu chochote cha kuchaji betri pale pale nyumbani kilikuwa baraka.

Kitu hicho kikaja kwa wingi kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Kilikuwa kipande cha kioo cha upana wa futi moja hivi na urefu wa futi tatu, rangi yake kahawia iliyokolea, kikitoa wati 10 hadi 14. Vilitoka katika viwanda vya Ufaransa, Uingereza na Kroatia, na bei yake ilimudika kuliko paneli kubwa za buluu. Watu walinunua kidogo kidogo: mwaka huu betri, mwaka ujao paneli, mwaka wa tatu taa ya pili. Hakukuwa na mradi mkubwa wa serikali uliowashika mkono. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zaidi ya nyumba 100,000 nchini Kenya zilikuwa na sola, na sehemu kubwa ya paneli hizo zilikuwa za utando mwembamba.

Wewe mwanafunzi, chukua kikokotoo chako. Ule ukanda mweusi-kahawia ulio juu ya vitufe ni ndugu wa paneli zile. Paneli ya kawaida hutengenezwa kwa vipande vya silikoni ya fuwele, ambamo atomi zimejipanga kama askari wa gwaride. Vipande hivyo hukatwa kwa unene unaozidi sehemu mia moja za elfu ya milimita. Katika utando mwembamba wa silikoni isiyo na fuwele, atomi zimekaa ovyo ovyo kama abiria wa matatu, lakini mpangilio huo wa ovyo hunasa mwanga vizuri sana, hata tabaka lisilofika elfu moja ya milimita likatosha. Linganisha na unywele wako, ambao una unene wa mara 70 hivi ya huo. Malighafi kidogo, bei ndogo. Tena waweza kuumwaga utando huo juu ya kioo, juu ya bati jembamba, hata juu ya plastiki inayokunjika. Ndiyo sababu wasanifu wa majengo waliupenda.

Sasa sikia kasoro yake. Mwaka wa 1977 wataalamu wawili wa Marekani, David Staebler na Christopher Wronski, waligundua ya kuwa silikoni ya namna hiyo hudhoofishwa na mwanga ule ule inaoutumia. Ikikaa juani kwa miezi michache hupoteza sehemu ya nguvu zake, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 30, kisha hutulia hapo. Mtengenezaji mwaminifu huandika nyuma ya paneli zile wati zitakazobaki baada ya kutulia. Asiye mwaminifu huandika wati za siku ya kwanza. Dukani, paneli hizo mbili hufanana kama mapacha.

Mwaka wa 1999 watafiti kutoka vyuo vikuu vya Marekani, miongoni mwao Arne Jacobson, Richard Duke na Daniel Kammen, walizipima paneli za utando mwembamba zilizokuwa zikiuzwa na kutumika Kenya. Walikuta aina zilizotoa karibu nguvu zote zilizoandikwa, na walikuta aina zilizopungukiwa vibaya, ilhali zote ziliuzwa sokoni kwa sifa zile zile. Mnunuzi hakuwa na njia ya kutambua. Televisheni ikizimika kabla ya taarifa ya habari, aghalabu lawama ilikwenda kwa betri, au kwa mawingu ya Julai, au kwa mtoto aliyesahau taa.

Matokeo yalipotangazwa, baadhi ya watengenezaji walirekebisha bidhaa zao, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, likashughulikia viwango vya paneli. Hata hivyo, vipimo vilivyofanywa tena mwaka wa 2004 na 2005 vilikuta aina nyingine dhaifu zimekwisha kuingia. Kuandika kiwango kwenye karatasi ni jambo moja, kupima mzigo bandarini ni jambo jingine.

Nimekueleza hayo yote kwa sababu moja. Paneli mbovu iliyofungwa juu ya mti ilimpotezea mwenyewe fedha, lakini aliweza kuishusha, akaigeuza meza ya kuanikia kahawa, akaanza upya. Paneli iliyo paa huwezi kuishusha. Ikidhoofika, unabaki na paa lisilotoa stima. Maji yakiingia kwenye kingo zake, unabaki na paa linalovuja pia. Kwa hiyo swali la mwaka 1999 limekuwa zito zaidi leo.

Wapo Wakenya walioifanya kazi hii kwa bidii. Katika miaka ya 2010 msanifu majengo Charity Wanjiku na kampuni ya Strauss Energy ya Nairobi walijulikana kwa vigae vya sola vinavyoezekwa badala ya vigae vya kawaida. Hoja yao ni ya maana: ikiwa utanunua vigae kwa vyovyote vile, mbona usinunue vinavyolipa? Hesabu hiyo humfaa mtu anayejenga upya kwa vigae. Mwenye mabati mazima ambayo yamekaa miaka mitano tu hana sababu ya kuyang'oa.

Kuna faida nyingine ambayo sitaki kuificha. Paneli kubwa ya kioo huwa na kilo 20 na zaidi, na nyumba nyingi za zamani huko nyumbani zina kenchi za mbao zilizopigwa kwa kukisia. Utando wa kugandisha ni mwepesi mno. Isitoshe, hauoni joto kama wenzake. Bati la Mbeere au Tharaka mchana laweza kufika nyuzi 65. Silikoni ya fuwele hupoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, yaani kati ya asilimia 12 na 16 kwa joto hilo. Silikoni isiyo na fuwele hupoteza nusu ya hiyo au zaidi kidogo. Lakini angalia: uliogandishwa juu ya bati hauna hewa inayopita chini yake, basi nao huwa moto kuliko paneli iliyoinuliwa.

Upande wa hasara ni nafasi. Saa sita mchana, jua likiwa wazi, kila mita mraba hupokea kama wati 1,000. Mita mraba 10 za silikoni isiyo na fuwele yenye ufanisi wa asilimia 6 zitakupa wati 600. Eneo hilo hilo likiwa na paneli nzuri za fuwele za siku hizi, zenye asilimia 20, litakupa wati 2,000. Nyumba ya shambani yenye paa kubwa yaweza kuvumilia tofauti hiyo. Nyumba ya orofa mjini, yenye paa moja na wapangaji ishirini, haiwezi. Zipo tando nyingine zenye ufanisi mkubwa kuliko huo, kama ile ya kadimiamu na teluriamu inayotengenezwa kwa wingi na First Solar ya Marekani, ila hizo utazikuta zaidi katika mashamba makubwa ya umeme kuliko dukani Nkubu au Runyenjes. Kwa jumla, paneli nyingi zinazouzwa duniani leo ni za fuwele, na bei yake imeshuka mno hata ile sifa ya zamani ya utando, urahisi, imepungua.

Na picha za majumba ya Ulaya yenye kuta za kioo zinazotoa umeme? Yaache huko. Mstari wa ikweta unapita karibu na mji wa Meru. Kwetu jua la adhuhuri hupita utosini. Ukuta hulipata kwa kukwaruzwa tu, isipokuwa ule wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Kwetu mali yote iko juu ya paa. Kwa sababu hiyo hiyo usibabaishwe na fundi anayetaka ugeuze ramani ya nyumba ili paa litazame kaskazini. Jua letu huenda kaskazini Juni na kusini Desemba, na kwa paa lisilosimama sana pande zote mbili hupata karibu sawa. Jambo la kuangalia ni mwinamo wa kutosha, nyuzi 10 au 15 hivi, ili mvua ioshe vumbi na maji yasitulie.

Ukikutana na muuzaji, mwulize kama wati zilizoandikwa ni za baada ya kutulia, na ataka kuonyesha karatasi gani. Akikupimia volti, mwambie hapana. Paneli dhaifu huonyesha volti nzuri tu. Udhaifu hujificha kwenye ampea. Fundi mwenye mita hupima ampea saa sita mchana jua likiwa halina wingu. Mwulize pia fundi huyo leseni yake. Tangu kanuni za 2012, kuweka mitambo ya sola ni kazi ya wenye leseni, na leo mamlaka inayohusika ni EPRA.

Habari ya dhamana ya miaka 25, isikilize kwa sikio moja. United Solar Ovonic ya Marekani ilitengeneza utando mrefu kama mkeka wa kugandishwa juu ya mapaa ya bati, bidhaa iliyosifiwa sana. Mwaka wa 2012 kampuni iliyoimiliki, Energy Conversion Devices, iliingia kortini kufilisika, na waliokuwa na dhamana mkononi wakabaki na karatasi. Kwa hiyo nunua vigae au tando za akiba siku ile ile unapoezeka, uziweke stoo, maana umbo hilo laweza kukosekana madukani baada ya miaka kumi. Muulize fundi nyaya zinapita wapi na zitafikiwaje bila kubomoa dari.

Ikiwa bado moyo unakuvuta, anza na paa la jikoni au la kibaraza, mahali ambapo likivuja hapana kitanda chini. Siku ya kwanza fundi aandike ampea za adhuhuri kwenye karatasi, na mzazi aihifadhi pamoja na hati za shamba. Baada ya miezi sita mwite fundi huyo huyo, saa ile ile, apime tena mbele yako.