Usimwulize amekuwa wa ngapi

Mwezi huu vaa sweta kabla hujaendelea kusoma, maana nakupeleka mbali: Tirol, nchini Austria, kwenye milima ya Alps. Novemba mwaka jana nilikaa huko siku kumi na mbili kwa dada yangu. Dada kaolewa huko, na shemeji yetu ni mtu wa milimani, kakulia kwenye theluji. Binti yao ana miaka 16 na anasoma shule ya bweni inayolea wanamichezo wa mbio za skii, yaani zile mbao mbili nyembamba za kutelezea kwenye theluji.

Kusema kweli, mwanzoni nilicheka. Sisi huku tunatafuta shule ya bweni ili mtoto afaulu fizikia, wenzetu wanaitafuta ili mtoto ajue kushuka mlima kwa kasi! Baada ya siku mbili kicheko kiliisha chenyewe.

Shule za namna hii si mchezo. Iliyo maarufu sana pale Tirol iko Stams, kijiji chenye monasteri ya zamani, na ilianzishwa mwaka 1967. Marekani nako zipo. Burke Mountain Academy ya Vermont, iliyoanza mwaka 1970, ndiko alikosoma Mikaela Shiffrin, yule dada aliyefikisha ushindi wake wa 100 wa Kombe la Dunia mwezi Februari 2025. Shule ya binti yetu ni ndogo zaidi, na jina lake naliacha kwa kuwa mwenyewe kaniomba.

Nilifika wiki ambayo msimu wa mashindano unaanza kwa vijana. Wakubwa hufungua msimu mwishoni mwa Oktoba pale Sölden, halafu wadogo nao wanaanza kuingia mbioni. Mabondeni wakati huo majani bado ni ya kijani na ng'ombe wapo nje. Kwa hiyo watoto wanaifuata theluji ilipo, juu kabisa kwenye barafu ya kudumu, kwenye kimo cha karibu mita 3,000.

Saa kumi na nusu alfajiri taa za bweni zinawaka. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayetaniwa. Wanakula mkate, mayai na uji wa shayiri, kisha wanapakia skii kwenye gari na kulala tena njiani, midomo wazi. Mazoezi yanaanza jua likichomoza kwa sababu theluji ya asubuhi ni ngumu. Na hapa nilijifunza jambo: mwanamichezo wa mbio hapendi theluji laini ile tunayoiona kwenye kadi za Krismasi. Anataka ngumu kama sakafu. Wakati mwingine njia ya mashindano inamwagiwa maji makusudi ili igande!

Mchana wanarudi, wanakula, wanaingia darasani. Hesabu, Kiingereza, historia, kila kitu kama watoto wengine. Jioni wanafanya mazoezi ya viungo. Halafu, wakati mimi na wewe tungekuwa tunatafuta rimoti, wao wanashuka chumba cha chini kuhudumia skii zao. Wanayeyusha nta kwa pasi, wanaipaka chini ya skii, wanaikwangua na kuisugua kwa brashi. Kingo za chuma wananoa kwa tupa, taratibu, kama fundi cherehani mwenye kitambaa cha bibi harusi. Chumba kizima kinanuka nta. Watoto wa miaka 15 na 16, saa tatu usiku, kimya.

Basi, Jumamosi ikafika. Mbio za kwanza za msimu. Na kwa binti yetu ilikuwa zaidi ya hapo, maana msimu uliopita alichanika kano ya goti na kukaa miezi tisa bila kushindana. Shemeji alilala kwenye kiti cha hospitali siku tatu. Nayasema haya mapema ili usije ukamhukumu vibaya huko mbele.

Nikueleze kidogo namna mbio zinavyokwenda. Katika mchezo huu kuna pointi, na aliye bora ndiye mwenye pointi chache. Wenye pointi chache ndio wanaoanza kushuka. Asiye na rekodi nzuri anasubiri nyuma, na zamu yake ikifika, njia imeshachimbwa mashimo na waliotangulia. Ni kama kuwa wa mwisho kuoga kwenye nyumba ya kupanga: maji yameisha, sabuni imebaki kipande. Binti yetu alikuwa na namba 87.

Tulisimama chini, mimi, dada na shemeji. Baridi ile, we acha tu. Nilivaa soksi tatu na bado vidole sikuvisikia. Shemeji alikuwa na simu mkononi akifuatilia muda wa kila mtu. Muda wenyewe unapimwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Na hizo sehemu zina uchungu wake: kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, Anna Veith wa Austria alikosa dhahabu ya super-G kwa sekunde 0.01 tu, akashindwa na Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech. Huko Austria mtu anakusimulia habari hiyo kama msiba wa jirani.

Namba 87 ikaitwa. Tukamwona, kadoa kekundu huko juu. Akapita vigingi vya kwanza vizuri kabisa. Dada akanishika mkono. Halafu kwenye kona moja skii ikaingia kwenye shimo, akapepesuka, akakosa kigingi kimoja. Ukikosa kigingi umetoka. Miezi tisa ya kuliuguza goti, miezi ya kuamka saa kumi na nusu, na yote yameisha ndani ya sekunde thelathini hivi.

Akashuka polepole hadi tulipo. Hakuumia, namshukuru Mungu. Shemeji akamfuata haraka, na kabla mtoto hajavua kofia akamuuliza: "Imekuwaje pale kwenye kona?"

Binti alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme. Akaenda kwa mama yake. Dada hakusema neno. Alimfunga zipu ya koti hadi shingoni, akamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, akampa. Kwenye gari hakuna aliyeongea hadi tunafika.

Jioni nilimkuta chumba cha nta, ananoa skii zile zile. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kiswahili chake ni cha Tanga chenye harufu ya Kijerumani, na kinapendeza kweli.

"Mama mdogo," akaniambia, "kila nikimaliza mbio baba anauliza nimekuwa wa ngapi. Hata kwenye simu, kabla ya salamu."

Nikamwambia baba yako anakupenda. Maneno ya watu wazima hayo, mepesi kama povu.

"Najua," akajibu, bila kuinua macho. "Lakini nikiacha skii, tutaongea nini mimi na yeye?"

Jamani. Niambie wewe ungejibu nini. Mimi nilimshikia tupa.

Mpenzi msomaji, najua unajiuliza, sasa haya ya theluji yananihusu nini mimi niliye Sinza au Mikocheni, ambaye barafu naijua ya kwenye glasi? Subiri. Usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya baridi.

Miaka michache iliyopita mume wangu alikuwa anatafuta kazi. Alikwenda usaili mara ya kwanza, akarudi, nikamfungulia mlango: "Vipi, wamesemaje?" Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hivyo hivyo. Mara ya nne alichelewa sana. Baadaye nikaja kujua kuwa alikuwa amefika zamani, kakaa ndani ya gari hapo hapo nje dakika arobaini, anatafuta nguvu za kunijibu. Nilikuwa nadhani naonyesha kujali. Kumbe mlango wangu ulikuwa chumba kingine cha usaili.

Ndipo nikamwelewa shemeji, na nikajielewa mimi. Swali la kwanza unalomuuliza mtu anaporudi kutoka kwenye pambano lake linamwambia ulikuwa unamsubiri nani: yeye au matokeo yake.

Utaniambia, lakini matokeo ni muhimu. Ada zinalipwa, kodi inadaiwa, huwezi kujifanya hujali. Sikatai. Ila fikiri kidogo. Pale chini ya mlima muda wa kila mtoto unasomeka mbele ya watu wote, na aliyekosa kigingi anajua kabla yako. Hakuna unachomfichulia. Na kona ile ina mwenyewe: kocha, ambaye jioni hukaa nao kwenye video na kuchambua kosa moja moja. Mtoto ana kocha tayari. Akikuta kocha wa pili kwenye gari, na wa tatu kwenye simu, nyumbani atakwenda lini?

Usidhani mabingwa hawalijui hili. Mwaka 1998 huko Nagano, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10, zile za kwenye tambarare na vilima. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika kama 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri pale mwisho na kumkumbatia. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Kukumbatiana kule kunakumbukwa kuliko muda wa mtu yeyote siku ile.

Dada alimsimulia shemeji kisa hiki mezani, nami nikaongeza changu cha mume wangu garini. Shemeji si mtu wa maneno mengi. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akasema kwamba yeye naye alishindana akiwa kijana, na baba yake alikuwa anamuuliza swali lile lile. Hakuongeza kitu. Alikwenda kuosha vyombo.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mbio nyingine, nami nilikuwa nimeshapanda ndege kurudi nyumbani. Nilipowasha simu Dar nikakuta meseji ya binti yetu. Alimaliza mizunguko yote miwili, hakuanguka. Baba yake hakuweza kwenda kwa sababu ya kazi, akamtumia meseji fupi: "Umekula?"

Mtoto akapiga simu kwa mama yake haraka kuuliza kama simu ya baba imeibiwa!

Baadaye alimpigia baba, wakaongea karibu nusu saa. Wameongea nini? Sijui, na sikuuliza. Kuhusu nafasi aliyopata, mpaka leo haijanipasa kuijua.

Sasa zamu yako. Wiki hii mwenzako atarudi kutoka kwenye kikao, mtihani, usaili au kwa bosi mwenye gubu. Kabla ya "imekuwaje", mpokee begi. Muulize kama ana njaa. Mwache avue viatu. Habari yenyewe itakuja, na ikija, itakuja kwa mtu aliyekaa, si kwa aliyesimama mlangoni.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Na sweta unaweza kulivua.