Kimburu Ataangamizwa na Nduguye

Ndugu wasomaji, tukisikia wanyamapori wako hatarini, mawazo hukimbilia ndovu na faru. Leo mimi namtetea kimburu, yaani paka-mwitu.

Kimburu ni wa ukoo mmoja na huyu paka wa jikoni. Mwaka wa 2007 Carlos Driscoll na wenzake walichapisha uchunguzi wa paka 979, wa porini na wa nyumbani. Miongoni mwa waliyoyapima ni chembe za urithi za mitokondria, ambazo mtoto hurithi kwa mama. Ikabainika kwamba paka wa nyumbani walitokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, jamaa wa karibu sana wa kimburu wetu.

Basi undugu huo ndio hatari! Paka dume wa nyumbani akizurura hadi porini, humpanda kimburu jike, akazaliwa chotara. Na mitokondria haimtaji baba: ukimpima chotara huyo kwa hiyo peke yake, utaapa ni kimburu halisi. Kule Uskoti paka-mwitu wamekaribia kwisha kwa kuchanganyika vivyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wengine watasema, "Aa, paka ni paka tu!" Mimi sikubali. Damu ikishachanganyika haichambuliki tena, kama maziwa ndani ya chai. Kwa hivyo, anayeishi karibu na mbuga amhasi paka wake, na shule zilizo kando ya msitu zisiwaache paka wazaane ovyo jikoni. Hakuna haja ya kumpiga mawe hata mmoja. Au mnaonaje, wenzangu?