Tuonyeshane Michoro Ikiwa Bado Penseli



Katika makanisa yetu ya Pwani kuna mazoea ambayo hatujayahoji. Picha ikija kanisani huja imeshakwisha: imechapwa, imetiwa kioo na fremu, na mara nyingi imetoka mbali. Waumini huiona siku inapobarikiwa. Aliyeichora hatumjui, alichokifuta kabla ya kufika hapo hatukijui, na hakuna aliyetuuliza lolote. Kisha tunashangaa kwamba vijana wetu wenye mkono mzuri wa kuchora wanapeleka kazi zao kwenye kuta za saluni na migongo ya bajaji, na parokiani wanakuja kuimba tu. Tunaomba wasomaji watuvumilie tukilisema wazi: vipaji vipo. Tunachokosa ni mahali pa kuonyeshana kazi ambayo bado haijaisha.

Ajabu ni kwamba Pwani hii ndiyo ingepaswa kuwafundisha wengine. Mkeka hausukwi chumbani. Mama hukaa barazani na ukindu wake, anasuka ukili siku baada ya siku, anauviringisha mpaka utoshe kushonwa. Muda wote huo kila apitaye anauona. Jirani anasema rangi hii imezidi, mwingine anaomba aonyeshwe ua lile linaanzaje, binti mdogo anapewa kipande chake akiharibu kwanza. Siku mkeka unaposhonwa, nusu ya mtaa imeshatia neno. Fundi wa ngalawa naye hufanya kazi ufukoni, mbele ya wavuvi watakaoipanda, na ndimi za wavuvi hazina huruma. Hatujasikia mtu akisema kwamba mama yule anajionyesha, wala kwamba fundi aifunike ngalawa yake mpaka iishe.

Mfano mkubwa zaidi ulipita hapa Tanga kabla haujawa mfano. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, na katika miaka ya 1950 alikuja Tanga kama vijana wengi wa kusini, kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye akaenda Dar es Salaam, akashika vibarua vya kila namna, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na chuo wala turubai. Alitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba kama ule wa dari, na rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli. Mkewe, Agatha, aliziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Ndugu na vijana wachache wakakaa karibu naye nyumbani, wakimtazama na kumsaidia. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi.

Tufikirie hilo. Kazi ya mtu mmoja, ya miaka minne, isiyoandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo, ilistahili kufa naye. Haikufa kwa sababu wale vijana walikuwa wameiona ikiwa mbichi. Walijua rangi ipi hutangulia, ipi huachwa ikauke, jicho la chui huwekwa lini. Mwaka 1990 warithi wa kazi hiyo waliunda chama chao cha ushirika, na hadi leo jina la Tingatinga ni jina la mtindo mzima. Mtu aliyeona picha zilizokamilika tu aliweza kuzinunua. Aliyeziona zikichorwa aliweza kuziendeleza.

Tunajua kitakachosemwa: matokeo yake ni tembo wale wale na ndege wale wale, maelfu kwa maelfu, kwa ajili ya watalii. Ni kweli kwa sehemu. Na kuna msanii mwingine mkubwa wa nchi yetu aliyesimama upande wa pili kabisa. Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1932 na kusoma Makerere, alianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na msimamo wake dhidi ya kuiga ulikuwa mkali. Kwake kuiga ni kumkosea Mungu ambaye hajaacha kuumba. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amechora kuta za kanisa la Waanglikana la Murang'a, na pale Kristu anazaliwa na kusulubiwa katika mandhari ya Wakikuyu wenyewe. Hakuiga. Tunamheshimu kwa hilo kuliko tunavyoweza kusema hapa.

Lakini tunaona ugomvi kati ya hawa wawili si mkubwa kama unavyoonekana. Kila anayejifunza huanza kwa kuiga. Sisi wenyewe tulijifunza kuimba Eksulteti kwa kumwiga mtu. Kuiga kunakoua ni kule kwa mtu aliye peke yake mbele ya kitu kilichokamilika, asijue kwa nini mstari ule umepinda pale. Anachukua umbo bila sababu yake. Akiuona mchoro ukiwa katikati, anaona pia njia mbili ambazo mchoraji alizikataa, na kesho anaweza kuijaribu mojawapo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka sanaa miongoni mwa fadhila za akili, na kuieleza kama kanuni nyofu ya vitu vinavyotengenezwa. Waliosoma darasani pamoja nasi wanakumbuka mambo mawili yanayofuata hapo. La kwanza, fadhila ya namna hiyo hukua kwa matendo yanayorudiwa, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwa kijana ambaye hatujawahi kumpa nafasi ya kurudia. La pili, wema wa sanaa hupimwa katika kazi yenyewe, hautegemei moyo wa mtendaji. Ndiyo maana unaweza kumwambia mcha Mungu kabisa kwamba mkono wa Bikira Maria umekuwa mfupi, bila kuutukana uchaji wake. Jambo hili kwetu ni gumu. Tukikosolewa mchoro tunaona tumekosolewa sisi, na tukitakiwa kukosoa tunasema "ni nzuri" ili tumalize.

Tuliona madhara yake katika kigango kimoja upande wa mashamba ya mkonge. Kijana wa VIWAWA aliombwa achore Njia ya Msalaba. Akajifungia kwa miezi kadhaa na mbao zake kumi na nne, akijinunulia rangi mwenyewe. Katika kituo cha tano Simoni wa Kirene alikuwa mkata mkonge, amevaa kaptula na mabuti ya raba, begani pamechubuka. Tuseme ukweli wetu: ile ndiyo ilikuwa picha bora kuliko zote. Kirene iko Afrika ya Kaskazini, Libya ya leo; na mtu aliyekamatwa njiani akatwishwa mzigo usio wake, wazee wa mashamba yale wanamfahamu kuliko mfafanuzi yeyote wa Biblia. Lakini kamati iliziona picha zote kwa mara ya kwanza siku mbili kabla ya Kwaresima. Mabuti yale yakawashtua. Hapakuwa na muda wa kuelezana, wala wa kubadilisha. Zikatundikwa picha za kuchapwa, na mbao zikarudi nyumbani. Katekista mzee alimfuata kijana nje akamwambia, "Mwanangu, ungetuletea ikiwa bado penseli tungezungumza." Yule kijana akamjibu kwa adabu, "Shikamoo babu, hakuna aliyeniambia nilete."

Wote wawili walikuwa sahihi. Kamati haikuwa na nia mbaya na kijana hakuwa mkaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, umeweka sura nzima juu ya sanaa takatifu, na unasema kwamba Kanisa halijaufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake. Tena unataka askofu, anapotoa hukumu juu ya kazi za sanaa, asikilize tume ya jimbo. Unataka wachungaji wawe na uangalizi wa pekee kwa wasanii. Na katika namba 129 unaagiza kwamba waklero, wakati wa masomo ya falsafa na teolojia, wafundishwe historia ya sanaa takatifu na kanuni zake. Namba hiyo inatuhusu sisi moja kwa moja. Kesho ni sisi tutakaokaa kwenye kiti cha Baba Paroko na kuambiwa tuchague kati ya picha mbili. Tutachagua kwa kitu gani, kama leo hatujawahi hata kukaa saa moja na mtu anayechora?

Wengine wanaona suluhisho limeshapatikana kwenye simu. Mabango ya semina na kadi za Kipaimara sasa hutengenezwa kwa akili mnemba, kwa dakika moja na bila malipo. Mitume wenye vidole sita tumewaona. Hilo la vidole litarekebishwa, wala si hoja yetu. Hoja yetu ni mashua ya Petro. Mtoto wa Tanga anayekwenda Deep Sea alfajiri kununua samaki na mama yake anajua ngalawa, anajua mbao zake mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke, anajua mvuvi aliyekesha bila kupata kitu anavyokaa. Anapoonyeshwa mashua ya ziwa la kufikirika, anajifunza bila kuambiwa kwamba Injili ilitokea kwa watu wasiofanana na baba yake. Mashine hiyo haiwezi kuulizwa kwa nini imechora hivyo, wala haina rasimu ya kuleta kwenye jumuiya ndogo ndogo. Inatoa kilichokamilika tu, na hilo ndilo tatizo letu la zamani limekuja na kasi mpya.

Yupo atakayesema kwamba kuonyesha kazi ambayo haijaisha ni majivuno, na kwamba msanii Mkristo afanye kazi kimya kimya. Tunadhani ni kinyume chake. Majivuno hupenda siku ya uzinduzi. Mchoro wenye alama za kifutio hauna cha kujivunia. Anayeuleta anakiri mbele ya wenzake kwamba bado hajui aumalizeje. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli aliyejazwa Roho kwa ajili ya kazi za hema hakuachwa peke yake: alipewa Oholiabu, na wote wawili walitiwa moyoni uwezo wa kufundisha wengine. Hema lile lilikuwa karakana kabla halijawa patakatifu.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima: je, si vibaya watu kuuona uso wa Kristu ukiwa nusu umefutwa? Hapa tunakubali kiasi. Si kila hatua iletwe mbele ya kila mtu, na watoto wa Komunyo ya kwanza hawahitaji kuona majaribio saba ya uso mmoja. Watu sita au saba wanatosha: mchoraji mwenzake, katekista, mama mmoja wa WAWATA asiyeogopa kusema, Baba Paroko au frateri. Waione kazi ikiwa penseli, waione rangi za kwanza zikiwekwa, halafu wamwache mchoraji amalize. Wasimpangie kila kitu, maana kamati ikishika brashi hutokea picha isiyo ya mtu yeyote.

Na alipwe. Fundi wa mabati ya kanisa haambiwi "Mungu atakulipa" akaondoka na hiyo. Anayechora naye amenunua rangi, ameacha vibarua vyake kwa miezi. Kabla parokia haijaagiza picha za kuchapwa, imwulize kwanza mchoraji wa hapo bei yake, na sehemu ya malipo itolewe akiwa bado kwenye rasimu, ili hata kazi ikikataliwa asiwe amefanya bure.

Sisi tunaweza kuanza bila kumsubiri mtu. Seminarini kuna vipande vya ubao wa dari vilivyobaki baada ya ukarabati wa bweni, tumekwisha kuviomba na tumeruhusiwa. Jumamosi baada ya kazi za mikono, ukumbi wa mapumziko uko wazi kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Waseminari wanaochora kwa siri nyuma ya madaftari ya mantiki, tunawajua, waje nayo hayo madaftari. Vijana wa parokia za jirani wanakaribishwa pia, na kila mmoja alete kazi moja ambayo imemshinda.