Mtoto Asiyejua Kutoa Pole

Wahenga walituusia kwamba samaki mkunje angali mbichi. Makanisa yetu ya mijini yameutia maanani usia huo kwa bidii ya kupigiwa mfano. Shule za Jumapili zina madarasa yaliyopangwa kwa umri, vitabu vya picha na mashindano ya kukariri aya. Hata hivyo, yafaa tujiulize: samaki huyu tunamkunja aelekee wapi?

Swali hili lilinijia hapa Nairobi, nilipofuatana na wazee wa kanisa kumjulia hali mjane asiyeweza tena kuondoka kitandani. Mama huyo alifunza Shule ya Jumapili katika ushirika wetu kwa zaidi ya miaka 30. Nilikwenda na binti yangu wa miaka 10, anayesifiwa kanisani kwa wepesi wa kukariri. Alisimama kando ya kitanda akasoma zaburi nzima kwa Kiingereza, bila kitabu na bila kukwama. Mgonjwa alitabasamu, akamshika mkono, akamwuliza kwa Kiswahili yu darasa la ngapi na nyumbani humsaidia mama kazi gani. Mtoto alijibu neno mojamoja, kisha akanitazama nimwokoe. Tulipokuwa tukiaga, nilimnong'oneza ampe nyanya pole. Alilitamka neno hilo, akanyamaza. Hakujua linalofuata.

Sikumlaumu mtoto. Nilijilaumu mimi, ambaye riziki yangu hutokana na kufundisha taaluma ya lugha.

Kosa letu ni kuyatenganisha mambo mawili yaliyozaliwa pamoja. Ushirika wetu una kamati ya watoto na kamati ya kuwatunza waumini. Ya kwanza huendesha mambo yake kwa Kiingereza katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Ya pili hutumia Kiswahili au lugha ya nyumbani, kwenye vyumba vya wagonjwa na penye matanga. Kamati hizi hazikutani. Ndiyo maana mtoto aweza kusimulia kisa cha Msamaria Mwema tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali hajawahi kuketi karibu na mtu anayeumwa.

Mambo hayakuanza hivyo. Kule Ugikuyu, Wakristo wa awali waliitwa athomi, yaani wasomaji, kwa kuwa kuingia kanisani na kuingia darasani kulikuwa jambo moja. Waliisoma imani kwa lugha ileile waliyoitumia kuwazika wafu wao na kuwaliwaza mayatima. Kadhalika, Timotheo anayetajwa katika Agano Jipya aliipokea imani nyumbani, kwa nyanyake Loisi na mamake Eunike.

Wako watakaosema kwamba watoto wa mjini huelewa Kiingereza zaidi, na kwamba ushirika una watu wa makabila mengi. Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, nami sipendekezi Kiingereza kifukuzwe. Hoja ya pili, kwa maoni yangu, yaunga mkono ninayoyasema. Penye makabila mengi ndipo Kiswahili kifaapo, na Katiba ya mwaka wa 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Isitoshe, watoto wetu hufunzwa Kiswahili shuleni. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuzungumza nao jambo lenye uzito.

Lugha ya kufariji haijifunzwi kitabuni. Neno pole lina nasaba na kitenzi poa. Alitamkaye huomba uchungu upoe. Lakini uchungu haupoi kwa neno tupu. Kuna kuketi kwanza, kuulizia usiku ulivyopita, kusikiliza jibu refu, na kujua wakati wa kunyamaza. Hayo mtoto huyapata kwa kuwaona na kuwasikia wakubwa wake wakiyatenda.

Ndugu zetu Wakatoliki wana la kutufunza. Tangu miaka ya 1970 wamejenga jumuiya ndogondogo za Kikristo ambamo majirani hukutana majumbani, husoma Injili na kuulizana ni nani mgonjwa na nani amefiwa. Mtoto wa nyumba hiyo, hata akiwa amekaa mlangoni, husikia.

Napendekeza basi mambo matatu yasiyohitaji mchango wa fedha. Kwanza, mwalimu wa watoto apewe kiti katika kamati ya kuwatunza waumini. Pili, walau Jumapili moja kwa mwezi somo la watoto liendeshwe kwa Kiswahili. Tatu, wazee wanapokwenda kuwatazama wagonjwa na wakongwe, wafuatane na watoto wawili au watatu pamoja na wazazi wao, mradi mwenye nyumba ameridhia.

Sisi tulio na umri wa makamo tusidhani hili ni suala la wajane peke yao. Vitanda hivyo vinatungoja. Watakaokuja kututazama ni hao walio katika Shule ya Jumapili hivi leo, nao watatusomea zaburi bila kukwama. Wakishamaliza, je, watajua kuvuta kiti na kutuuliza tumelalaje? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.