TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: NAFASI YA MFUGO NI HOJA YA KURA, SI MZAHA

Ndugu wanachama,



Tangu juma lililopita kundi letu limejaa vicheko kuhusu habari kwamba kule California, Marekani, wananchi waliwahi kupanga foleni kupigia kura ukubwa wa banda la kuku. Mmoja akaandika "shibe mwana malevya". Mwingine akauliza kama kuku nao wataandikishwa kwenye daftari la wapiga kura. Tumecheka pamoja nanyi.

Lakini baada ya vicheko likaja neno zito: kwamba pendekezo la baadhi ya wafugaji wa tawi hili, la kutaka halmashauri iweke kipimo cha chini cha nafasi kwa kuku wa mayai na nguruwe, litupwe kapuni kwa sababu ni "mambo ya wazungu" na "hayo si siasa". Kamati imekaa na kulijadili. Hatukubaliani na neno hilo, na tunaeleza kwa nini.

*1. WENZETU WALIPIGIA KURA NINI?*

Kizimba cha chuma cha ufugaji mkubwa kule Marekani kilimpa kuku mmoja wa mayai eneo la karibu theluthi mbili ya karatasi ya A4. Chukua karatasi, kata theluthi moja uitupe. Hapo palipobaki ndipo kuku anasimama usiku na mchana, mwaka mzima na zaidi, hadi utagaji ushuke. Hawezi kukunjua mbawa. Nguruwe mwenye mimba naye alifungiwa kwenye chuma chembamba hata kugeuka hawezi.

Tarehe 4 Novemba 2008, siku ileile Obama alipochaguliwa, wapiga kura wa California waliulizwa kama mifugo hiyo ipewe nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka na kunyoosha viungo. Takriban asilimia 63 wakasema ndiyo. Wafugaji wakapewa hadi Januari 2015 kujipanga.

Tarehe 6 Novemba 2018 wakaulizwa tena, safari hii kwa vipimo: kuku wa mayai futi 1 ya mraba na kutolewa kabisa vizimbani ifikapo mwisho wa 2021, nguruwe jike wa kuzalisha futi 24 za mraba, ndama wa nyama futi 43. Bidhaa kutoka majimbo mengine nazo zisiuzwe California kama hazijafikia kipimo. Asilimia 63 hivi wakasema ndiyo tena. Wafugaji wa nguruwe wakaenda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na tarehe 11 Mei 2023 wakashindwa kwa majaji 5 dhidi ya 4.

Hakuna aliyewadanganya wapiga kura kwamba ni bure. Wapinzani walisema wazi kuwa bei ya mayai na nyama itapanda na mwenye kipato kidogo ndiye ataumia. Watu walisikia, wakapima, wakaamua.

Na si kila mahali jibu ni ndiyo. Uswisi ilikwishaondoa vizimba vya kuku wa mayai tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tarehe 25 Septemba 2022 wananchi wake waliulizwa kama waende mbali zaidi na kuufuta kabisa ufugaji wa kubananisha. Karibu asilimia 63 wakasema hapana. Wote wawili, wa ndiyo na wa hapana, waliulizwa. Hilo ndilo tunalolitaka hapa.

*2. "MAMBO YA WAZUNGU"*

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ni ya mwaka 2008, mwaka uleule wa kura ya kwanza ya California. Inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Basi tusiseme tumeletewa na meli. Tofauti yetu na wao ni kwamba kule mpiga kura alibishana nayo sokoni na nyumbani. Hapa, muulize mfugaji yeyote wa kata yetu kama amewahi kuisikia.

*3. "WATU WENYEWE WANABANANA SITA CHUMBA KIMOJA"*

Hoja hii inapigiwa makofi sana. Tunamuuliza mwenye nayo: kuku akibanwa, ni nani kati ya hao sita anayeongezewa chumba? Hakuna. Tabu ya mtu haipungui kwa kuongeza tabu ya mnyama.

*4. "MAYAI YATAPANDA BEI"*

Hii ni hoja ya kweli na haijibiwi kwa kukemea. Kuku wakipungua katika banda lilelile, kodi ya banda, umeme na mshahara wa mlinzi vinagawanywa kwa mayai machache zaidi. Gharama ya kila trei inapanda. Mama anayeuza mayai ya kuchemsha stendi ataiona, na hatutamficha.

Lakini tusome hesabu nzima. Unafuu wa yai la kizimba umepatikana kwa kumnyima kuku nafasi. Ile gharama haijafutika, imehamishiwa kwa asiyeweza kuja ofisini kulalamika. Wauzaji wa vizimba, au keji kama wanavyoziita, wanasema kuku hakanyagi kinyesi na kazi inapungua. Ni kweli. Waseme na upande wa pili pia.

*5. "MFUGAJI MDOGO ATAUMIA"*

Hapa ndipo tunapopinga kwa nguvu zote. Wengi wenu mnafuga kwenye maranda, kuku 100 au 200, na kila kuku ana zaidi ya futi 1 ya mraba. Kipimo mmeshakifikia bila kuambiwa na mtu. Anayewaumiza ni yule atakayekuja na keji za ghorofa tatu, akajaza kuku wengi mno katika banda la ukubwa uleule, kisha akashusha bei ya trei hadi mshindwe. Kipimo ni ukuta wenu ninyi. Kisipokuwepo, atakayeshinda ni yule anayebana zaidi.

Na vikundi vyetu vya vijana na wanawake vinavyosubiri mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, tafadhali sikieni: kuchukua mkopo wa keji leo kabla jambo hili halijaamuliwa ni kujitwika deni la kitu ambacho huenda kesho kikakatazwa.

*6. "HAYO SI SIASA"*

Sheria ndogo za halmashauri hupitishwa na baraza la madiwani. Madiwani tunawachagua sisi. Kama hiyo si siasa, basi tuambiwe siasa ni nini.

*MSIMAMO WA KAMATI*

Tunapendekeza tawi lipeleke ngazi ya kata mambo haya matatu:

(a) Halmashauri itunge sheria ndogo: kuku wa mayai asipungukiwe futi 1 ya mraba, na nguruwe mwenye mimba aweze kusimama, kulala na kugeuka.

(b) Waliokwisha kununua keji wapewe miaka 5 ya kujipanga, na mkopo wa kupanua mabanda utangulie mkopo wa keji mpya. California walitoa zaidi ya miaka 6. Hatuoni sababu ya kumvamia mtu kesho asubuhi.

(c) Afisa mifugo aandae hesabu ya gharama ya trei moja kwa mifumo yote miwili, ibandikwe ofisi ya kata kabla ya mjadala, ili kila mtu aone anachokubali kulipia.

Mkutano wa tawi ni Jumapili, saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Pendekezo litapigiwa kura na wanachama wenye kadi hai. Likishinda tutalipeleka. Likishindwa tutaandika limeshindwa, wala hatutalirudisha kwa mlango wa nyuma. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, na aje na hesabu zake.

Viongozi wa mashina, fikisheni taarifa hii kwa wasio na simu janja.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji.