Drake na pari za ngumi: nani anapoteza kweli?

Tarehe 8 mwezi wa tatu 2024, huko Riyadh, Anthony Joshua alimwangusha Francis Ngannou mara tatu, na pambano likaishia katika raundi ya pili. Wengi hapa kwetu walimhurumia yule ndugu wa Kameruni. Lakini habari iliyozunguka sana kwenye telefone ilikuwa ya mwimbaji: Drake, aliyeweka dola 615 000 kwamba Ngannou atashinda, amepoteza tena.

Tena, kwani mwezi wa kumi na moja 2022 alikuwa amepoteza karibu dola milioni 2 kwa ajili ya Israel Adesanya, aliyepigwa na Alex Pereira huko New York. Miezi mitatu baadaye, dola 400 000 zingine zilienda na Jake Paul, aliyeshindwa kwa pointi na Tommy Fury. Watu husema kuna « laana ya Drake »: mpiganaji akichaguliwa naye, amekwisha.

Laana gani? Lile lilikuwa pambano la pili tu la Ngannou katika ngumi za kulipwa, na mbele yake alisimama bingwa wa Olimpiki ya 2012. Hapo hapakuhitajika mchawi. Tena mwezi wa saba 2022 Drake alikusanya karibu dola milioni 3,7 kwa ushindi wa Paddy Pimblett na Molly McCann huko London, akawapa saa za Rolex. Hiyo inasahaulika upesi, maana kucheka tajiri anayepoteza kunanoga zaidi.

Sasa, mwimbaji wa mapenzi kutoka Toronto anatafuta nini kwenye ngumi? Pengine anazipenda kweli. Ila mwezi wa tatu 2022 alitangaza ushirikiano na Stake, kampuni ya kasino na pari kwenye intaneti, ambayo tangu 2021 ilikuwa pia mshirika wa mashindano ya UFC. Tikiti anazoonyesha Instagram zinabeba jina la kampuni hiyo. Akishinda, watu wanatamani. Akipoteza, wanacheka na kutumiana picha. Kwa vyovyote, jina limeshasomwa na mamilioni. Kwa kampuni, hata tikiti iliyochomeka ni tangazo.

Kijana wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi anaona picha ileile kwenye telefone yake, kisha anaingia kwenye kibanda cha parifoot na franka 2 000 alizopata kwa kubeba abiria. Anajiambia: kama Drake anathubutu, mimi je? Lakini yeye hana mkataba na mtu. Tikiti yake ikichomeka, hakuna atakayeiangalia wala kumlipa kwa kuionyesha, na jioni mwenye moto anangoja versement yake, Ngannou amepigwa ao hakupigwa.