Kabla Usifu Kurudi, Uliza Nani Aliacha Mlango Wazi

Kuna video moja ya basketi ambayo lazima ikupate ukiwa chini. Timu ya chuo cha Virginia kule Marekani inaaibishwa mwaka wa 2018, muziki wa huzuni unapigwa, skrini inakuwa nyeusi, halafu boom, 2019 wanabeba kombe. Mwisho kuna sauti nzito inakuambia usikate tamaa. Mimi ilinipata mara ya kwanza wiki ile niliacha chuo, nikiwa nimelala kwa sakafu ya keja ya beste yangu Zimmerman. Nililia kidogo, sitawadanganya.

Siku hizi siipendi. Kila kitu ndani yake ni kweli, lakini waliikata pale pa maana.

Wacha nianze na stori yenyewe, kwa wale basketi si mambo yao. Marekani, ligi ya vyuo huisha na mashindano ya mtoano ya NCAA. Ukipoteza mechi moja, unaenda nyumbani. Timu hupangwa kwa nambari, 1 hadi 16, katika makundi manne, na raundi ya kwanza nambari 1 hucheza na nambari 16. Yaani bingwa dhidi ya mtu ambaye amefurahia tu kualikwa. Hadi Machi 2018, upande wa wanaume, nambari 16 walikuwa wamejaribu mara 135. Walikuwa wamepoteza zote 135.

Virginia mwaka huo walikuwa nambari 1 ya nambari 1 zote. Walikuwa wameshinda mechi 31 na kupoteza 2 pekee. Kocha wao, Tony Bennett, alikuwa amewafunza kukaba mpaka hakuna timu nchini iliyokuwa ikiruhusu pointi chache kuwaliko. Tarehe 16 Machi wakakutana na UMBC, chuo cha Maryland ambacho wengi hata hawakujua kina timu. Nusu ya kwanza ikaisha 21 kwa 21. Nusu ya pili UMBC wakawatia pointi 53. Mwisho: 74 kwa 54. Hapo hakuna cha bahati mbaya. Hicho ni kipigo.

Unajua vile mtandao hufanya. Usiku huohuo wakawa kichekesho cha dunia. Na kumbuka hawa walikuwa vijana wa miaka 20 hivi, rika letu. Mmoja wao, Kyle Guy, baadaye aliandika wazi kwamba alikuwa akipambana na wasiwasi, ule wa kumbana mtu kifua.

Msimu uliofuata wakarudi. Raundi ya kwanza, nambari 16 tena, Gardner-Webb, na kipindi cha kwanza wakajikuta nyuma kwa pointi 14. Fikiria kilichokuwa kichwani mwao. Wakatulia, wakashinda 71 kwa 56. Wakapita Oklahoma. Wakapita Oregon kwa 53 dhidi ya 49.

Halafu Purdue. Hapo ndipo ile video hukimbia haraka, na mimi nataka twende polepole. Zimebaki sekunde 5.9, Virginia wako chini pointi 3. Ty Jerome anapiga mitupo huru: wa kwanza unaingia, wa pili anakosa. Mamadi Diakite, kijana aliyezaliwa Conakry, Guinea, anaugusa mpira kwa ncha za vidole, unaruka mpaka upande wao wenyewe wa uwanja. Kihei Clark, mdogo kuliko wote kwa kimo, mwaka wake wa kwanza chuoni, anaukimbilia. Badala ya kujirushia tu, anamtupia Diakite pasi ndefu. Diakite anapiga na saa inaisha mpira ukiwa hewani. Unaingia. Sare. Muda wa ziada wakashinda 80 kwa 75.

Nusu fainali, Auburn. Sekunde chache zimebaki, Jerome anadunda mpira, unagonga mguu wake, anaushika kwa mikono miwili, kisha anaendelea kudunda. Hiyo ni kosa hata kwa uwanja wa mtaani. Refa hakupuliza. Muda mfupi baadaye Kyle Guy akachezewa rafu akipiga pointi tatu, ikiwa imebaki sekunde 0.6 na timu yake iko chini kwa mbili. Yule wa wasiwasi. Mitupo huru mitatu, uwanja wote unapiga kelele. Akatia yote. 63 kwa 62.

Fainali ikawa tarehe 8 Aprili 2019, Minneapolis, dhidi ya Texas Tech. De'Andre Hunter, ambaye mwaka wa aibu alikuwa nje kwa kuvunjika kifundo cha mkono, akafunga pointi 27, pamoja na ile tatu ya kusawazisha dakika ya mwisho. Muda wa ziada tena, 85 kwa 77. Kombe la kwanza la NCAA la basketi katika historia ya chuo.

Stori tamu, sindio? Sasa niwaambie kilichokatwa.

Cha kwanza ni bahati. Refa angepuliza ile filimbi, leo hatungekuwa na hiyo video. Bidii ilikuwepo, tena kubwa. Lakini kila mtu anayekuambia bidii pekee inatosha anakulisha matango pori.

Cha pili ni watu wawili: Devon Hall na Isaiah Wilkins. Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho 2018. Mechi yao ya mwisho kabisa wakivaa jezi ya chuo ilikuwa ile ya UMBC. Wenzao walirudi wakasafisha jina. Wao hawakuwa na msimu wa kurudia. Je, walikosa moyo? Walifanya mazoezi kidogo? Hapana. Walimaliza tu muda.

Cha tatu ndicho kimenifanya niandike. Baada ya kile kipigo, hakuna aliyemfukuza Bennett. Hakuna aliyemwambia Kyle Guy, pole kijana, tafuta chuo kingine. Kocha alibaki, na karibu wachezaji wote waliokuwa na miaka iliyobaki walibaki. Mtindo wao wa kukaba ni uleule uliochekwa. Oktoba wakaingia mazoezini na viatu vyao vilikuwa palepale walipoviacha. Bennett alikaa hapo mpaka alipostaafu kwa hiari yake Oktoba 2024.

Kurudi ni kitu cha watu wawili. Kuna anayerudi, na kuna aliyeacha mlango wazi. Sisi tunampigia makofi wa kwanza peke yake.

Mimi je? Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikakosa kadi ya mtihani, nikapitwa na masomo matatu. Nikaona aibu, nikanyamaza. Nikaacha kushika simu za wanadarasa. Mathe alijua baada ya miezi minne, tena kwa mtu mwingine. Chuo sitakitaja, maana shida yangu si jina lake. Shida yangu ni hii: miaka miwili baadaye, nikiwa kwa matatu, jamaa tuliyesoma naye ananiuliza, "Kwani hukujaza ile fomu ya kuahirisha masomo?"

Fomu gani?

Kumbe ilikuwepo. Karatasi moja tu. Unaijaza, unaenda kutafuta pesa, unarudi baada ya mwaka na nafasi yako iko. Mlango ulikuwa wazi wakati wote na mimi nikapita nao kama ukuta. Ndiyo, ningeuliza. Hiyo nakubali, na nitaibeba. Lakini mtu akiwa na aibu haulizi maswali. Anatafuta pa kujificha. Katika wale wote waliojua nimepotea, walimu, marafiki, wale tulikuwa tunakula nao chapo madondo kila jioni, hakuna aliyesema, "Msee, kuna fomu." Nilitumiwa tu zile video. Nyingi sana. Usikate tamaa, mfalme.

Ndio maana nasema tupunguze video, tuongeze fomu. Matokeo ya KCSE yakitoka, kwa kila grupu la familia kuna yule anayepongezwa na kuna yule anayetoka kwa grupu usiku bila kuaga. Huyo wa pili hahitaji hotuba. Anahitaji mtu wa kumwambia kozi gani inakubali gredi yake, na kwamba Jumapili bado anangojwa kwa meza. Na beste yako ambaye ameacha kuja darasani, usimwandikie "stay strong" ukaenda. Mwende naye kwa ofisi. Mpange laini pamoja.

Na kabla tufikiri kombe humaliza kila kitu, sikiliza hii. Tarehe 16 Machi 2023, miaka mitano kamili tangu UMBC, Virginia wakacheza na Furman, timu nambari 13. Wako mbele kwa pointi 2, sekunde chache zimebaki, mpira uko kwa Kihei Clark, yule wa pasi ya 2019, sasa mkubwa wa timu. Akabanwa kwenye kona, akautupa mpira mbali. Furman wakaudaka, wakapiga tatu. 68 kwa 67. Wakaenda nyumbani raundi ya kwanza.

Mkono uleule. Mwaka mmoja pasi yake iliokoa msimu, mwaka mwingine ikaumaliza. Ukimpa mtu jina kwa usiku mmoja, utalazimika kumbadilishia kila mara.

Mwezi uliopita nilienda kuuliza kuhusu ile fomu. Wameniambia muda wangu umepita, ila naweza kuomba upya, na masomo niliyopita yataangaliwa. Sijui itaenda aje. Mathe alinisindikiza mpaka langoni, akakaa nje kwa benchi na chupa yake ya maji, akaningoja saa tatu nzima.

Nilipotoka hakuuliza wamesema nini. Alisema, "Twende tukule."